Kitatange wa Bi Mwanaisha

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu Ayan, nilivuta kiti nikakaa mbele ya tangi la kioo, kikombe cha chai mkononi, nikatazama kiumbe cha watu kikiuawa taratibu tangu baada ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Sikunyanyuka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mzima wa macho na mikono, na kile nilichokuwa nikikitazama nilikiita kuzoeana.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Umenitumia picha ya tangi lako huko Nairobi, na ndani yake samaki mmoja mdogo, kitatange, mgongo rangi ya machungwa na ubavu wa buluu, ukasema, abti, amekaa peke yake ananisikitisha, Ijumaa naletewa mwenzake. Nimeitazama picha ile mpaka mke wangu akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki. Nilisema kweli, ila si kweli yote.

Basi kaa unisikilize. Najua nyinyi vijana mnapenda mambo mafupi, mtu aseme neno moja na kamkono ka kidole gumba, yaishe. Hili siwezi kulifupisha. Nimelifupisha miaka thelathini, ndiyo maana linanisumbua.

Wakati huo nilikuwa nakaa hapa hapa Garissa kwa Abti Noor, kaka yake mama yangu, yaani nyanya yako mzaa mama. Yeye akiniita abti nami nikimwita abti, mjomba na mpwa kwa neno moja la Kisomali, kama wewe na mimi tunavyoitana. Alikuwa na lori lake moja, lilikuwa likishuka pwani na mbuzi na kurudi na nazi na saruji. Katika safari hizo alimwoa Bi Mwanaisha wa Malindi, akamleta huku kwenye vumbi letu. Wewe hukumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka sisi tuliojifunza Kiswahili shuleni na sokoni tulikuwa tukiona haya kufungua midomo mbele yake. Hawakujaliwa watoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa nyumba ile, na alinilea hivyo, ingawa nilifika nikiwa tayari na ndevu.

Baba yake Bi Mwanaisha alikuwa mzamiaji wa kushika samaki wa mapambo, wale wanaouzwa kwa wenye matangi. Bi Mwanaisha alikua akiwatazama samaki hao ndani ya mabeseni kama sisi tulivyokua tukitazama ndama. Huku kwetu alikosa kitu cha kutazama. Hakulalamika, lakini Abti Noor alikuwa mtu wa kuona. Akaenda kwa fundi wa madirisha, akamwambia amtengenezee sanduku la kioo. La kwanza lilivuja likalowesha zulia lote la sebule. La pili likasimama. Maji ya bahari yalikuja juu ya lori ndani ya mitungi ya plastiki, na kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari hakuamini, akaonja, akatema, akatuambia tuendelee.

Watu walikuja kuona. Unajua sisi watu wa ngamia na samaki. Mzee mmoja wa ukoo wetu kutoka Griftu alikaa mbele ya lile tangi muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama mnyama huyu anakamuliwa. Akaambiwa la. Analiwa? La. Akasema alhamdulillahi, akaomba chai.

Bi Mwanaisha alianza na vitatange wawili, dume na jike, wa aina hiyo hiyo yako. Hao ni wadogo hata wakikomaa, urefu wa kidole tu, lakini wana kiburi cha fahali. Na walikuwa na jambo lao moja. Kila siku karibu na maghribi, mwanga ukianza kupungua sebuleni, walitoka kwenye mawe, dume akimtetemeshea jike mapezi, kisha wakapanda pamoja ubavu kwa ubavu mpaka karibu na uso wa maji. Hapo juu walikaa kitambo kidogo sana, halafu wakashuka mbio kila mmoja na njia yake. Ndivyo wanavyozaliana. Bi Mwanaisha akiwaona wanaanza kutoka, alinyamaza hata kama alikuwa katikati ya maneno. Aliniambia siku moja kwamba muda ule mfupi ndio pekee anaojihisi yuko kwao.

Dume akafa kwa uzee. Jike akabaki, na hapakuwa tena na wa kupanda naye. Na mwaka uliofuata Bi Mwanaisha mwenyewe akaanza kuugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, safari yake ndefu ikawa kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake mbele ya tangi. Hakutaka kurudi Malindi, kwa sababu mumewe alikuwa huku. Aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kuwaona wakipanda tena kabla hajaondoka duniani. Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayeagiza sukari, na akaniagiza mimi.

Mimi, Ayan, nilikuwa dalali katika soko la mifugo. Sijisifu, lakini watu walikuwa wakija kunitafuta niwachagulie beberu. Niliweza kupitisha mkono mgongoni mwa mnyama na kukuambia atazaa vipi. Ndiyo maana Bi Mwanaisha aliponikalisha kunieleza samaki wa kununua, nilimsikiliza kwa sikio moja.

Aliniambia hivi. Hawa wote huanza maisha wakiwa majike. Anayekua na kutawala ndiye hugeuka dume. Huyu wangu, kwa kukaa peke yake muda wote huu bila mkubwa juu yake, ameshageuka; mtazame anavyojitanua. Basi usiniletee mkubwa. Niletee mchanga kabisa, asizidi pingili moja ya kidole chako, ambaye bado hajajijua. Mdogo atakubali kuwa jike. Mkubwa hatakubali.

Nilitikisa kichwa kwa adabu. Moyoni nilicheka. Mbuzi jike ageuke beberu kwa sababu beberu amekufa? Nilijiambia huyu mama ni mgonjwa, na maneno ya baba yake yamechanganyika na hadithi za pwani.

Nikashuka na lori hadi Malindi, nikaenda kwa mzamiaji aliyenielekeza. Alikuwa na vitatange sita ndani ya mabeseni, watano wadogo na mmoja mkubwa. Walaahi, yule mkubwa alikuwa mzuri. Rangi yake ilikuwa kali, mwili umejaa, akizunguka beseni lake kama mwenye mji. Wale wadogo niliwaona kama wana-mbuzi wa mwaka wa ukame, ambao hata ukipewa bure wa kuchinja hungewataka. Mzamiaji aliniambia kwamba huyo mkubwa ni dume na kama kuna mwingine nyumbani watauana. Nikamjibu kwamba kuchagua mnyama ndiyo kazi yangu. Nayakumbuka maneno yangu na namna nilivyosimama nikiyasema, mkono kiunoni.

Safari niliifanya vizuri, siwezi kujinyima hilo. Mfuko wa maji uliojazwa hewa, ndani ya kasha la barafu, gazeti limefungwa kuzunguka, na mimi nimelipakata kasha mapajani njia nzima mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika, Bi Mwanaisha alimtazama samaki ndani ya mfuko, kisha akanitazama mimi. Aliona mara moja kwamba ni mkubwa. Akasema basi, amekwisha safiri, maskini, tutajaribu kwa subira. Hakunigombeza. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa najivuna, akanihurumia.

Tukauweka mfuko uelee juu ya maji ya tangi mpaka joto likalingana. Kisha kwa mpira mwembamba wa dripu tukamtonea maji ya tangi kidogo kidogo, saa nzima, ili mwili wake uzoee chumvi ya huku. Halafu akanituma jikoni nilete kikapu cha plastiki cha kuchujia mboga, chenye matundu. Tukamtia mgeni ndani, tukakifunika kwa kingine cha aina hiyo hiyo, tukafunga kwa uzi wa nailoni, tukakining'iniza ndani ya maji. Wakawa wanaonana na hawawezi kugusana.

"Wiki mbili," Bi Mwanaisha aliniambia. "Au mwezi. Au asitoke kabisa, tumtafutie tangi lake. Nitajua nikiwaona. Wewe usifungue."

Siku ya nne ikafika tarehe yake ya daktari Nairobi. Abti Noor akaenda naye. Nikabaki mimi na nyumba na tangi. Kazi yangu ilikuwa kuwapa mwani mkavu na vipande vya kamba wa baharini, kuziba dirisha kwa gunia bichi mchana, kutia chupa ya barafu majini joto likizidi, na kuongeza maji matamu yale ya bahari yanapopungua, kwa sababu maji huruka na chumvi hubaki. Yote hayo niliyafanya sawasawa.

Lakini nilikuwa nawatazama. Na yule wa Bi Mwanaisha, tangu asubuhi mpaka jioni, hakubanduka pale kwenye kikapu. Alikuwa akija ubavu, anatetemesha mapezi, anazunguka, anarudi. Yule wa ndani naye hivyo hivyo. Nikaona, kwa akili yangu, kwamba hawa wanatakana na kikapu kinawatesa. Siku zile hakuna aliyeweza kuniambia kwamba samaki akikasirika hutetemeka vile vile kama akipenda. Aliyejua alikuwa hospitali, na aliniachia neno moja tu, nisifungue.

Abti Noor na Bi Mwanaisha walikuwa wanarudi Ijumaa. Nikapata picha kichwani: Bi Mwanaisha anaingia akishikwa mkono, anakaa kitini, maghribi inakaribia, na wawili wanapanda. Nikajiona mimi nimesimama mlangoni nikipokea dua. Mwanangu, sikufungua kile kikapu kwa ubaya. Nilikifungua kwa kutaka kushukuriwa, na hilo nimechukua miaka mingi kulikiri.

Alhamisi baada ya adhuhuri nikakata uzi.

Waliruka kila mmoja kwa mwenzake. Wakazunguka kichwa kwa mkia, wakapigana mikia, wakasimamisha miiba. Nilishtuka kidogo, kisha nikajikumbusha kazi yangu. Kwetu ukimleta beberu mgeni zizini, unamsukuma ndani jioni na kumwachia mwenye zizi. Watagongana vichwa, vumbi litatimka, mmoja atashindwa, na asubuhi wote watatoka malishoni. Anayejiingiza kati yao huchekwa. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulia nikitaka mabeberu wawili watenganishwe, na baba yangu alinivuta mkono akaniambia nisimame nitazame, hii ndiyo dunia. Basi nikavuta kiti. Nikajimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Nikatazama kama nilivyoambiwa na baba, ila nimekaa.

Wa Bi Mwanaisha alikuwa mzee. Alianza kurudi nyuma. Akaingia kwenye jiwe, akatolewa. Akaenda kwenye pembe ya pampu, akafuatwa. Mapezi yalikuwa yanachanika, vipande vyake vinaelea majini. Nikajiambia sawa, ameshindwa, sasa mwingine atamwacha. Beberu aliyeshindwa hukimbilia kwenye vichaka, na mshindi hana haja naye tena. Hapo ndipo nilipopaswa kuona kitu ambacho hata mtoto angekiona, kwamba mle ndani hamna vichaka. Kuna kioo upande huu na kioo upande ule. Yule mzee alikuwa akikimbia na kurudi pale pale alipotoka.

Adhana ya alasiri ikalia. Nikaweka kikombe chini, nikaenda msikitini, nikaswali safu ya mbele. Niliporudi alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mwenzake bado anamgonga. Ndipo mkono wangu ukaingia majini. Kikapu kilikuwa kinaning'inia pale pale, umbali wa shubiri moja kutoka kwa vidole vyangu, na kilikuwa pale muda wote. Nilimtoa akiwa bado anahema. Alihema mara chache kiganjani mwangu, akaisha.

Nilimzika chini ya mwarobaini uani. Kisha nikakaa nikatunga uongo.

Ijumaa walipofika niliwapokea mlangoni kabla hawajaingia. Nilisema umeme ulikatika, pampu ikasimama, joto likapanda, nilijaribu na betri ya gari lakini yule mzee hakuhimili. Nilisema yote kwa pumzi moja. Abti Noor alisikitika akasema inna lillahi, kama ameambiwa habari ya mtu. Bi Mwanaisha alishikwa mkono mpaka kitini. Akamtazama yule mkubwa, ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limechanika mahali pawili. Akautazama uzi wa nailoni uliokatwa, niliousahau juu ya ukingo wa tangi. Kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini kama nimekula.

Baada ya hapo, mwanangu, kila nilipoingia sebuleni kumsalimia alinijibu salamu, halafu akauliza, "Yusufu, una la kuniambia?" Nami nikajibu hakuna, Bi Mwanaisha, ni salama tu. Asubuhi hivyo. Jioni hivyo. Nilijua vizuri alichokuwa akikiuliza. Nilikuwa na jibu kinywani, nikalimeza kila siku, na kila siku likawa zito zaidi kulitoa. Mwisho nikaanza kuingia nyumbani kwa mlango wa uani. Nikapata safari za Elwak, mbali kule kaskazini, ambazo hazikuwa na lazima. Niliwanunua ngamia ambao hakuna aliyeniagiza.

Yule samaki aliyemuua wa kwake, Bi Mwanaisha alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Alimwita Mgeni. Hakumchukia. Hakuagiza mwingine pia.

Bi Mwanaisha aliaga dunia kabla ya mvua za vuli. Mimi nilikuwa Elwak. Nilifika amekwisha zikwa, na watu wamekaa uani kwenye mikeka wanasoma.

Siku ya tatu, watu walipopungua, Abti Noor aliniita sebuleni. Kiti cha marehemu kilikuwa pale, na Mgeni ndani ya maji anazunguka. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba niondoke na tangi, sauti ya yale mapovu hawezi kuivumilia. Kisha akasema, "Abti, alijua. Siku ile ile aliniambia, umeme haung'ati mapezi. Nilitaka kukuuliza mimi, akanikataza. Alisema mwache, atakuja mwenyewe. Alikuwa akikungoja."

Nikamwuliza kama alikasirika. Abti Noor akafikiri. Akasema hapana, kupigana kwa samaki alikuelewa, ujana wako aliuelewa. Kitu kimoja tu kilimsumbua, na alikirudia mara nyingi: wale samaki hawafi kwa dakika moja. Alikuwa akijiuliza, muda wote ule, mkono wa Yusufu ulikuwa wapi.

Ulikuwa umeshika kikombe, Ayan.

Nilichukua tangi, na Mgeni ndani yake. Miezi kadhaa baadaye nilishuka tena Malindi kwa yule mzamiaji, mkono safari hii haupo kiunoni, nikamwomba anichagulie yeye. Akanipa mdogo kuliko wote, pingili moja. Nilimweka kwanza peke yake katika beseni lake wiki nne, kuona kama hana madoa meupe ya ugonjwa. Kisha kikapuni, ndani ya tangi, wiki sita. Niliyapangua mawe yote nikayapanga upya, ili Mgeni asijione mwenye mji wa zamani, na nikaacha matundu mengi ambayo mdogo anaweza kuingia na mkubwa hawezi. Siku niliyofungua, nilikaa na mkono wangu ndani ya maji mpaka ngozi ikakunjamana. Alimfukuza kidogo. Mdogo akainamisha kichwa, akaingia kwenye tundu lake, akatoka. Akafukuzwa tena, akatoka tena. Sikwenda popote siku ile isipokuwa kuswali, na kila nilipokwenda kuswali nilimrudisha kikapuni kwanza.

Ilichukua karibu mwaka. Siku moja maghribi inakaribia, wakatoka kwenye mawe. Mgeni akatetemesha mapezi. Wakapanda, ubavu kwa ubavu, mpaka juu. Nikageuka nikasema kwa sauti, "Bi Mwanaisha, tazama." Mke wangu, niliyemwoa mwaka ule, alikuwa jikoni, akauliza naongea na nani. Nikaenda kutawadha nikiwa nalia.

Sasa nikuambie, maana umri wangu unaniruhusu na wewe ndiye uliyeuliza. Huyo wako, ikiwa amekaa peke yake muda mrefu na amenenepa, mhesabu dume. Mwenye duka akikuletea mkubwa mzuri wa kupendeza, mrudishe. Mwombe mdogo ambaye hatakutamanisha. Mweke peke yake kwanza, kisha kikapuni, na usihesabu siku kwa hamu yako. Wakitetemekeana usiseme ni mapenzi, hujui bado. Wakikataana kabisa, waache waishi mbalimbali, si kila wawili ni jozi, na hakuna aibu katika hilo. Na siku utakayofungua, usipange safari, usialike marafiki, usishike simu kupiga picha. Mkono wako uwe mtupu.

Wala sisemi samaki tu. Nimekaa vikao vingi vya wazee, hapa na Wajir na Mandera. Bibi harusi amepelekwa nyumba ya wakwe asiowajua, analia, na sisi tunasema mwacheni atazoea. Mtoto amepelekwa bweni, ameacha kula, mwacheni atazoea. Familia imetoka kambi ya wakimbizi imehamia mtaa wa watu, wanatukanwa kisimani, waacheni watazoeana. Neno hilo nimelisema mwenyewe, na kila nikilisikia leo natafuta kwa macho kikapu kiko wapi, na ni nani aliye karibu mwenye mkono mtupu. Mara nyingi hayupo. Wote tumeshika vikombe.

Na la mwisho ndilo linaloniuma kuliko samaki. Ukikosea, na utakosea, nenda kaseme siku ile ile. Anayekupenda mara nyingi ameshajua. Anangoja tu umpe nafasi ya kukusamehe, na hiyo nafasi ina mwisho usioujua wewe. Mimi nilipewa nafasi asubuhi na jioni, kwa miezi, na nikaikimbia mpaka Elwak.

Leo ni Jumatano. Ijumaa haijafika. Lakini nakujua, wewe ni damu yangu, na katika ile picha yako nimeikuza kwa vidole nikaona kitu cha buluu nyuma ya jiwe la kushoto, kama samaki wa pili, na mapezi ya huyo wa mbele si mazima. Huenda macho yangu ya uzee yamenidanganya. Sitakugombeza. Tia kwanza mkono majini uwatenganishe, kisha unipigie simu, saa yoyote, nami nitapokea na kukuuliza nilivyoulizwa.

Ayan, una la kuniambia?

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kuzuia na ulimi mwepesi wa kukiri, akujalie watu wa kukungoja, na akufikishe kwao wakiwa bado wamekaa kwenye viti vyao. Amin.